Pigo la Mtani

Osmund Gama alikufa Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa amevaa gamba chumbani kwake Namtumbo, kwa pigo ambalo halikuwa lake. Pigo lilikuwa la Mihayo. Mihayo ndiye aliyepigwa, akalirusha, Osmund akalipokea, na moyo wake ukasimama.

Watazamaji waliona dume la kijani, mwili wa chuma aliouendesha kwa mbali, likipiga magoti katikati ya Ulingo kule Dodoma. Wakashangilia. Walidhani ni madoido.

Mihayo naye alidhani hivyo hivyo. Alikuwa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, katika chumba cha nyuma ya karakana yake ya kuchomelea vyuma, amevaa gamba kuanzia shingoni mpaka nyayoni na kofia ya kuonea kichwani.

"Inuka, mkimbizi," alisema. "Unaniaibisha mbele ya watu."

Osmund hakujibu. Madume mawili ya wapinzani yalilivamia lile la kijani. Moja lilishika mabega, jingine likaanza kutwanga kifua kwa ngumi za chuma. Mihayo akasikiliza. Kwa miaka tisa Osmund hakuwahi kupigwa akanyamaza. Alikuwa akitukana kwa Kingoni, akiishiwa anahamia Kiswahili, na huko nako akiishiwa anatukana kwa Kilatini cha kanisani. Sasa ngumi zilikuwa zinaingia, moja, mbili, tano, na kwenye laini kulikuwa na mvumo mtupu kama wa friji.

Hapo ndipo alipojua.

Alichofanya baada ya hapo watu wanakisimulia hadi leo. Dume lake jekundu lilimng'oa mpinzani wa kwanza mkono kuanzia begani, kisha likautumia mkono huo huo kumponda wa pili mpaka miguu ikaachana na kiuno. Refa alipiga kengele mara tatu. Mihayo hakuisikia. Alipiga mpaka meza kuu ikamkatia umeme.

Walishinda pambano hilo. Liliandikwa hivyo.

*

Mtu asiyewahi kuvaa gamba haelewi kwa nini lilitengenezwa. Dume linaweza kuendeshwa kwa vijiti viwili na kioo, na mwanzoni ndivyo ilivyokuwa, lakini watu hawakutazama. Mwendeshaji asiyeumia anapigana kama anacheza drafti. Ndipo likaja gamba, vazi jeusi, jepesi kama soksi, lenye nyuzi elfu sita zinazogusa mishipa ya fahamu. Dume likipigwa ubavuni Dodoma, ubavu wa mwendeshaji unauma huko aliko kabla hajapepesa jicho. Mfupa hauvunjiki, ila mwili haujui hilo. Kuna kizuizi cha ngazi kumi, na ngazi ikipanda maumivu yanazidi. Ya tatu ni ya wanaojifunza. Wanaopendwa na watu wanapigana kwenye ya nane.

Wanaopigana wawili wawili wana jambo la ziada, linaitwa kubebeana. Mmoja akizidiwa anamrushia mwenzake maumivu ya pigo moja ili yeye abaki na pumzi. Anayerusha anasema "pokea". Anayepokea anabonyeza kidole gumba kukubali. Asipobonyeza, pigo linabaki kwa mwenyewe.

Mihayo na Osmund walikiondoa kidole hicho.

Mihayo ni Mnyamwezi, Osmund alikuwa Mngoni, na hao ni watani tangu enzi za babu zao. Hawakuhitaji kukutana ili wataniane. Wiki ya kwanza tu walipopangwa pamoja, Osmund alimwita mpagazi, kwa kuwa wazee wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Mihayo akamwita mkimbizi, kwa kuwa wazee wa Kingoni walikimbia vita kusini huko mpaka wakaishiwa na nchi za kukimbilia. Kuanzia hapo kubebeana kukawa mchezo. Osmund alikuwa akila konde zito anamrushia Mihayo bila shida yoyote, huku anacheka, "Beba, mpagazi." Mihayo anangoja wiki mbili, anarudisha pale mwenzake asipotegemea. Mwaka wa tatu wakamwomba fundi awazimie kitufe cha kukubali. Kuombana ruhusa kulikuwa kunaua utani. Walisaini fomu, wakacheka.

Jumanne ile Mihayo alipigwa kisogoni, ngazi ya nane. Angeweza kulibeba pigo hilo. Alishabeba makubwa zaidi. Alilirusha kwa sababu Osmund alikuwa mpole tangu pambano lianze, na alitaka kumchangamsha.

"Leo mpagazi ni wewe," alimwambia.

Osmund alikuwa mpole kwa sababu alikuwa na malaria, siku ya nne. Hakumwambia mtu. Mgonjwa haruhusiwi kuvaa gamba, na yeye asipovaa, Mihayo angeingia Ulingoni peke yake dhidi ya wawili.

*

Mihayo alifika Namtumbo asubuhi ya mazishi, baada ya mabasi matatu. Hakuwa amewahi kumwona Osmund kwa macho. Alimjua kwa sauti. Alijua anavyovuta pumzi kabla ya kuruka, anavyokohoa, na kwamba aliwadanganya watu anakunywa chai bila sukari, kumbe anaiba sukari ya mkewe. Jeneza lilipofunuliwa aliona mwanamume mfupi mwenye upara, na kwa muda alidhani amekosea msiba.

"Wewe ni wa wapi, baba?" mzee mmoja wa ukoo alimuuliza.

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

"Mtani amefika," mzee akatangaza, na watu waliochoka kulia wakamgeukia wakingoja.

Msibani mtani ana kazi. Anapora mwiko jikoni, anajipaka unga, anamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokuwa bahili, anakalia jeneza na kukataa lisitoke mpaka apewe chochote. Anachekesha ili wafiwa wapumue. Mihayo hakuwa na pa kukwepea. Angekataa, ingeonekana hakuwa mtu wa Osmund kweli.

Basi akavaa koti la marehemu, likambana makwapani, akasimama katikati ya turubai akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Osmund. Kwa miaka tisa ilikuwa ikiingia masikioni mwake kila siku, na sasa ilitoka bila hata kuitafuta.

"Nani kagusa sukari?" alisema. "Humu ndani kuna mwizi. Mimi nikimkamata namsamehe."

Kilio cha wanawake kilikatika ghafla. Kisha mmoja akapasuka kicheko, akafuata wa pili, na mama mmoja mnene akajishika tumbo akiomba aachwe. Mihayo akaigiza kikohozi. Akaigiza Osmund anavyotukana Kilatini akipigwa, na katekista akainamisha uso mabega yakimtikisika.

"Haya, taja ada yako tutoe maiti," mzee alisema akijifuta machozi. "Unataka nini? Jogoo?"

"Sitaki kitu."

"Tangu lini mtani akasema hataki kitu?"

"Mimi ndiye niliyemuua," Mihayo alisema, kwa sauti yake mwenyewe sasa. "Pigo lilikuwa langu. Nilimrushia."

Turubai zima likalipuka. Haukuwahi kusikika utani mkali namna ile mbele ya jeneza. "Wanyamwezi kiboko," mtu alisema nyuma huko, na mwingine akapiga kigelegele. Mihayo alisimama katikati ya vicheko, akarudia, nao wakacheka zaidi.

Skolastika, mjane, alikuwa mlangoni. Yeye hakucheka. Ndiye aliyemkuta mumewe amelala sakafuni, ndiye aliyemvua kofia, na kwenye kioo cha kofia aliusoma mstari wa mwisho: kisogoni, ngazi ya nane, kutoka kwa mwenzi. Hakuwa amemwambia mtu. Alichomoa mchi kwenye kinu kilichokuwa kando ya mlango akaja nao taratibu katikati ya mikeka. Watu walidhani naye anaingia kwenye mchezo, wakampisha.

Pigo la kwanza lilimpata Mihayo puani. Alisikia mfupa ukivunjika, mfupa wa kweli, kitu ambacho gamba halikuwahi kumpa. La pili lilitua begani, akaenda chini. La tatu lilikuwa linakuja utosini mzee alipoudaka mchi kwa mikono miwili. Vicheko viliisha kimoja kimoja.

"Ulilirusha kwa nini?" Skolastika aliuliza. Hakuwa anahema hata.

"Utani, shemeji."

"Utani."

"Tulikuwa tunafanya hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa—"

"Mtoeni huyu mtu," mzee akasema, na vijana wawili wakamwinua.

"Mwacheni," Skolastika alisema. "Atabeba jeneza. Si mpagazi?"

Alibeba. Kutoka nyumbani hadi makaburini ni kilomita moja na nusu, na jua lilikuwa la saa nane. Wengine walipokezana. Yeye hakuna aliyempokea, wala hakuomba. Damu ilimtiririka mdomoni mpaka kwenye kifungo cha juu cha koti la Osmund, na alipoitema, aliitema kando ili isiguse mbao.

*

Siku moja kabla ya arobaini, Ulingo ulimleta Osmund tena.

Mikataba yao ilikuwa na ukurasa ambao wote walisaini bila kuusoma. Gamba linaandika kila kitu: jinsi mtu anavyokwepa, anavyopumua, anachosema akipigwa, mishipa ipi inawaka. Miaka tisa ya maandishi hayo inatosha kutengeneza kivuli. Kinapigana kama mwenyewe na kuongea kama mwenyewe. Na kwa kuwa kimetengenezwa kwa maumivu, kinaumia. Bunge liliweka sheria moja tu, marehemu mmoja kivuli kimoja, hakuna nakala. Kivuli kinakaa ndani ya fuvu la chuma kichwani mwa dume, na hakipo mahali pengine popote.

Mihayo alitazama pambano la kwanza akiwa karakanani. Dume la kijani liliamshwa, likageuza kichwa huku na huku.

"Mpagazi yuko wapi?" liliuliza kwa sauti ya Osmund. "Mbona niko peke yangu?"

Watazamaji walicheka. Kisha wakaingia wapinzani watatu. Kivuli hakina kizuizi, kwa sababu hakina moyo wa kusimama. Mihayo alimsikia Osmund akitukana kwa Kingoni, kwa Kiswahili, kwa Kilatini, na dakika ya kumi na moja akaishiwa na lugha zote. Sauti iliyobaki ilikuwa kama ya mbuzi aliyechinjwa vibaya. Iliendelea hadi dakika ya kumi na tano. 

Jumamosi iliyofuata hakutazama. Majirani walitazama, na kuta za Ng'ambo ni nyembamba.

Jumatatu akampigia Mfaume, meneja wa mapambano.

"Hakumbuki kitu, bwana," Mfaume alimwambia. "Tukimaliza tunamrudisha asubuhi ya siku aliyokufa, kabla hajavaa gamba. Kila akiamka ni mzima. Mtu asiyekumbuka kipigo amepigwa?"

"Wewe ulipotahiriwa ulikuwa na umri gani?"

"Mtoto mchanga. Kwa nini?"

"Ulilia au hukulia?"

Mfaume alicheka kidogo. "Sikia, Mihayo. Watu wanakuulizia wewe kila siku. Mihayo na Osmund, uso kwa uso. Ukisema ndiyo, ni Jumamosi hii."

"Nitakujibu."

Skolastika alipokea simu Mihayo alipompigia mara ya nne, Jumanne.

"Shemeji, umeona wanachomfanyia?"

"Sitazami. Naangalia saa."

"Tukishtaki pamoja, wewe mjane na mimi mwenzi wake, wanaweza—"

"Nani kakwambia nataka kushtaki?"

Mihayo akazima mashine ya kuchomelea ili amsikie vizuri.

"Wananipa saa moja naye," Skolastika alisema. "Kila Jumapili, saa nne mpaka saa tano. Ipo kwenye mkataba. Wanamtuliza, hasikii maumivu, naongea naye kwenye simu."

"Anajua kwamba amekufa?"

"Jumapili ya kwanza nilimwambia. Alilia saa nzima, hatukuongea la maana hata moja. Juzi sikumwambia. Aliniuliza maharage yameiva, nikamwambia yameiva. Akaniuliza nani kagusa sukari." Sauti yake ilitulia kidogo. "Nilicheka, Mihayo. Tangu azikwe sikuwa nimecheka."

"Anapigwa dakika kumi na tano, shemeji. Bila kizuizi."

"Dakika kumi na tano zake, saa moja yangu. Yeye anasahau. Mimi sisahau."

"Ungesikia anavyolia usingesema hivyo."

"Mimi ndiye niliyemkuta sakafuni. Usinifundishe kusikia." Alivuta pumzi. "Ulimtoa humu ndani mara moja, kwa mchezo. Usije ukamtoa mara ya pili ukaniambia ni huruma."

Akakata.

Siku tatu Mihayo alichomelea mageti na kuwaza. Angeweza kukataa, na Osmund angepigwa na wengine. Angeweza kukubali akapigana kwa kumhurumia, na wiki inayofuata angepigwa na wengine. Njia ilikuwa moja, kulivunja fuvu. Kanuni za Ulingo zilikataza kuligusa. Aliyelipiga alifungiwa maisha, na gamba lilimrudishia pigo lake mwenyewe zima, kizuizi kikiwa kimefunguliwa. Mafundi walisema fuvu linahimili mapigo mawili. Hakuna aliyewahi kupiga hata la pili.

Na upande wa pili kulikuwa na mwanamke Namtumbo na saa yake moja. Mihayo alijaribu kuipima. Saa moja ya kicheko ni uzito gani, dakika kumi na tano za kilio ni uzito gani. Hakupata mizani ya kupimia. Alichokuwa nacho ni masikio. Alhamisi jioni alimwandikia Mfaume neno moja: Nakuja.

*

Kabla ya kengele wapiganaji hupewa dakika mbili za kutupiana maneno. Watu hulipenda jambo hilo kuliko ngumi.

"Mpagazi," dume la kijani lilisema lilipoamka. "Mbona wamekuweka upande ule? Nani kavuruga ratiba?"

"Habari yako, mkimbizi."

"Sauti yako ina nini? Unaongea kama umefungwa kitambaa puani."

"Nilivunjwa pua. Na mkeo."

Umati ukaangua kicheko. Osmund akacheka nao, kicheko chake kile cha kukohoa. "Ulimwambia nini Skola wangu?"

"Osmund, una malaria."

Kicheko kikakatika. "Nani kakwambia?"

"Ulikufa nayo. Nilikurushia pigo la kisogoni, moyo ukasimama. Ni siku hamsini na tatu sasa. Nimekuzika. Wewe ni kivuli."

"Wewe Mnyamwezi, kuna utani mwingine haufai."

"Vua kofia, basi."

Dume la kijani liliinua mikono yake mikubwa hadi kichwani. Vidole vilipapasa chini ya taya, mahali ambapo mkanda wa kofia hufungwa. Vilipapasa tena. Vilizunguka kisogoni, vikarudi mbele. 

"Skola anajua?" Osmund aliuliza, taratibu.

"Anajua. Anaongea nawe kila Jumapili, saa moja."

"Kesho ni Jumapili?"

"Kesho. Lakini Jumamosi unapigwa kwanza. Kila wiki. Huna kizuizi, wanakupiga mpaka unaishiwa maneno, halafu wanakusahaulisha."

"Na wewe umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kulivunja fuvu."

Mihayo alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alijiandaa hata kwa shukrani, na usingizini alishaisikia. Hakujiandaa kwa kilichofuata.

"Usinivunje," Osmund alisema. "Kaka, nakuomba. Nitavumilia. Nataka niongee na mke wangu."

"Hujui unachokisema. Hujawahi kupigwa bila kizuizi."

"Na wewe hujawahi kufa."

Kengele ikalia.

Osmund alianza. Alikuwa na miaka tisa ya kumjua Mihayo, na alipigana kama mtu anayelinda nyumba yake. Alijua kwamba Mihayo huegemea kushoto kabla ya kurusha mkono wa kulia, akamngoja huko huko na kulivunja goti la dume jekundu kwa teke moja. Mihayo alipiga kelele chumbani Tabora. Goti lake zima lilikuwa linamwambia limegawanyika. Kabla hajainuka alikandamizwa chini, kisha bawaba za bega zikaanza kukatika moja moja, na mkono wa kulia wa dume jekundu ukang'oka na nyaya zake zikining'inia kama mishipa.

"Kubali umeshindwa," Osmund alisema juu yake. Alikuwa anahema, ingawa hakuwa na mapafu. "Kubali, twende nyumbani."

Osmund alijua kila alichowahi kufanya Mihayo mpaka asubuhi ile ya Jumanne. Hakujua alichofanya jioni yake. Mihayo alinyoosha mkono wa kushoto, akauokota ule uliong'oka, akaushika penye kiganja chake kilichokufa na kuuzungusha kutoka chini. Ulitua juu ya fuvu.

Pigo lilirudi. Hakukuwa na ngazi za kulihesabia. Mihayo aliona mwanga mweupe upande wa kushoto, kisha upande huo ukawa giza. Alijikojolea. Dume la kijani liliyumba, likapiga goti, na Osmund akawa anamwita mama yake.

Mihayo alijiburuta juu ya mguu mmoja. Alipiga la pili. Safari hii hakusikia hata sauti yake mwenyewe ikitoka, ila alisikia ladha ya damu, na mkono wake wa kulia, wa nyama, ukakakamaa na kujikunja kifuani kama wa kuku aliyechomwa. Ufa ulipita katikati ya fuvu. Meza kuu ilikuwa ikipiga kelele. Walikuwa na sekunde chache za kukata umeme, na wakazipoteza wakiulizana nani akate.

"Unalia," Osmund alisema. Maneno yalikuwa yanakatika katika. "Mpagazi, unalia sana. Nirushie."

Haikuwezekana. Walikuwa pande mbili, hakukuwa na laini ya kubebeana kati yao. Labda alimaanisha, labda ilikuwa mazoea tu ya miaka tisa yakisema yenyewe. Mihayo hakupata muda wa kuchagua kuamini lipi. Aliinua mkono.

"Lete," Osmund alisema.

Akapiga la tatu.

*

Pigo la kwanza lilichukua jicho la kushoto la Mihayo. Lipo mahali pake na linaonekana zima, lakini halioni.

La pili lilichukua mkono wa kulia. Vidole vitatu havifunguki. Koleo ya kuchomelea inamponyoka, na karakana ina kufuli.

La tatu lilisimamisha moyo wake. Jirani yake, fundi wa pikipiki, alivunja mlango akamgandamiza kifua mpaka moyo ukarudi, na katika kufanya hivyo akamvunja mbavu mbili. Nusu ya ulimi haikurudi. Anaongea, watu wanamwelewa wakisogea karibu, lakini hawezi tena kuigiza sauti ya mtu yeyote.

Ulingo ulimfungia maisha na kufuta mapambano yake yote, mia nne na kumi na mawili, yakiwemo yale yote aliyopigana akiwa pamoja na Osmund. Hakuna palipobaki kumbukumbu ya wawili hao wakiongea.

Skolastika hakutazama pambano. Jumapili, saa nne kamili, alikaa na simu mapajani kama alivyozoea, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia. Mfaume ndiye aliyempigia, saa tano kasoro dakika tano. Kwa dakika hamsini na tano alikuwa amekaa hivyo.

Mkataba wake ulikuwa wa miaka kumi, Jumapili mia tano na ishirini. Alipata mbili.